Kura ya Ndugu Aliye Ng'ambo ya Ziwa

Sisi wakaaji wa Pweto hatuhitaji ramani ili kuujua mpaka. Ng'ambo ya Ziwa Mweru iko Zambia, na huko wako ndugu zetu waliokimbia vita. Kwa hiyo, watu wanapojadili kama raia anayeishi nje apige kura katika nchi yake, wao huwaza Paris na Brussels. Sisi tunawaza jamaa zetu.

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza, Wakongo wanaoishi nje walishiriki katika uchaguzi wa Rais wa Jamhuri. Tume ya uchaguzi, CENI, iliwafungulia vituo katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Zambia haikuwamo. Uganda nayo, inayowahifadhi wakimbizi wengi sana wa kwetu, haikuwamo.

Wako wanaosema: asiyekaa nchini asichague, maana hataonja matunda ya kura yake. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Mtu aliyeondoka miaka thelathini iliyopita, ambaye watoto wake wamesoma na kuoa huko, aweza kutuchagulia kiongozi ambaye yeye mwenyewe hataishi chini yake hata siku moja. Ndiyo sababu tunaona ni haki kura ya nje iishie kwa Rais, na mbunge wa Pweto achaguliwe na wale wanaokanyaga matope ya Pweto.

Lakini hoja hiyohiyo ikipelekwa kwa mkimbizi, inakuwa utetezi wake. Yeye ataonja matunda ya kura kuliko wengi wetu: amani ikija atarudi kulima shamba lake, isipokuja, atazeeka ugenini. Hakuondoka kwa kutafuta mshahara. Alifukuzwa na risasi.

Tukumbuke yaliyotupata. Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, maelfu walivuka kuingia Zambia, na wengi wakaishi katika kambi za Mwange na Kala. Mwaka 2006 taifa lilipochagua viongozi wake, kambi hizo zilikuwa bado zimejaa. Waliorudi baadaye walikuta Rais na Bunge waliowekwa bila neno lao. Kisha mwaka 2017 watu wa upande wetu wakakimbia tena, na wengi wakapokelewa Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge. Mwaka 2023 waliokuwa huko hawakuwekewa kituo cha kura. Kifungu cha 5 cha Katiba yetu kinamhesabu kuwa mchaguzi kila Mkongo aliyetimiza miaka kumi na minane na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa. Hakisemi kwamba haki hiyo inazama ziwani.

Tutaambiwa kwamba jambo hili ni gumu: mkimbizi huogopa kukaribia ubalozi, na nchi mwenyeji haipendi siasa kambini. Ni kweli. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati wa mwaka 2015, wakimbizi walipiga kura wakiwa Chad na Kameruni, kwa makubaliano na nchi hizo. Nayo Kenya, ilipowafungulia raia wake wa nje mwaka 2013, ilianza kwa majirani: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Nchi za mbali zilifuata baadaye. Kwetu aliye karibu na mnyonge ndiye aliyesahauliwa.

Yosefu alipanda kwenda Bethlehemu ili aandikishwe, kisha akakimbilia Misri pamoja na Mtoto na Mama yake. Kuvuka mpaka hakukumtoa katika ukoo wa Daudi. Vivyo hivyo, ndugu yetu wa Mantapala hajaacha kuwa wa kwetu.

Uchaguzi mwingine unatarajiwa mwaka 2028. Vijana wapendwa, wale wanaotaka kura zenu watakuja na fulana na ahadi. Msisubiri siku hiyo. Lizungumzeni jambo hili katika vikundi vyenu tangu sasa, na watakapofika muwaulize kwa heshima, bila woga: je, safari hii Zambia imo katika orodha? Asiye na jibu kwa ajili ya ndugu zetu wa ng'ambo, tumpime vizuri kabla ya kumpa kura zetu sisi tuliobaki.