Mkanda wa Jeshi Hautoki Nje

Kuna ugonjwa ambao kwa Kiswahili huitwa mkanda wa jeshi, na Waganda huuita kisipi, maana yake ni mkanda vilevile. Malengelenge hujipanga upande mmoja wa kifua au kiuno, na maumivu yake huchoma kama moto. Yasikitisha kwamba ugonjwa wenye jina la kijeshi hufichwa ndani ya kambi zenyewe. Huyu ahofu kunyooshewa kidole kuwa ana UKIMWI, yule adhani amerogwa.

Ifahamike kwamba adui huyu hakuingia jana. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga, ambayo wengi wetu tuliiugua utotoni. Mtoto apatapo nafuu, virusi havifi vyote; vingine hujificha katika vifundo vya neva kandokando ya uti wa mgongo, vikakaa humo hata miaka hamsini.

Kwa nini mwili usiviangamize? Chembe ya ngozi ikiambukizwa, mwili waweza kuiua na nyingine ikaota mahali pake. Chembe ya neva haina badala, ikifa imekufa. Kwa hiyo kinga hulazimika kupigana bila kuiteketeza nyumba inayoilinda. Kinga tunayozaliwa nayo, isiyongoja kufundishwa na maradhi wala chanjo, hutoa interferoni, kitu kilichogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Interferoni haiui virusi. Huzitahadharisha chembe jirani, nazo huzuia virusi visizaane ndani yake. Baadaye huja chembe za kinga zilizokwisha kumjua adui, zikashika lindo kwa miaka mingi. Virusi vyabaki hai lakini kimya, na neva yabaki nzima.

Lindo hilo si jambo dogo. Mwaka 2007 watafiti wa Paris walieleza habari za watoto wawili, wazima kwa mengine yote, walioshambuliwa ubongo na virusi vya malengelenge ya mdomo, ndugu wa hivi vyetu. Kasoro yao ilikuwa katika kitambuzi kimoja tu cha kinga ya asili, kiitwacho TLR3.

Kinga ikidhoofishwa na uzee, au na virusi vya UKIMWI, adui huamka, akafuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda hushika upande mmoja.

Basi nasema wazi: mkuu wa kikosi asimhesabu mgonjwa huyu kuwa mtegaji. Dawa ya aiskloviri hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 tangu vipele vitokeze. Askari aliyezuiwa lindoni siku tatu, au aliyejipaka majivu akingoja likizo, amekwisha kuipoteza nafasi hiyo, na maumivu yaweza kumwandama miezi mingi. Mkanda ukitokea karibu na jicho, waweza kumpofusha. Kijana apime pia virusi vya UKIMWI. Si kila mwenye mkanda anavyo, lakini aliye navyo ana dawa za kuiinua kinga yake.

Tena familia nyingi za askari hulala chumba kimoja. Maji ya malengelenge hayo humwambukiza tetekuwanga mtoto ambaye hajaiugua. Mgonjwa ayafunike kwa kitambaa safi mpaka yakauke, na mtoto mchanga alale mbali naye.