"Jikaze" Si Ushauri

Ndugu mwanafunzi, neno la leo ni jikaze. Unalijua tangu kitabu cha kwanza: kitenzi kaza, na ji- inayomrudishia mtendaji tendo lake. Nimelifundisha miaka mingi bila kinyongo. Leo nalishtaki.

Mwanafunzi wangu wa zamani, anayeishi Uingereza na mgongo ulioharibika, ameniandikia kwamba rufaa yake ya posho ya ulemavu itasikilizwa mwezi ujao. Halali. Chakula hakimshuki. Bahasha ya kahawia ikiangushwa mlangoni, moyo humwenda mbio kabla hajaiokota. Jamaa zake wote, wa Kampala na wa Bujumbura, wamempa ushauri mmoja: jikaze, usiwe na wasiwasi. Ushauri huo ni wa kikatili, ingawa hutolewa kwa mapenzi.

Tazama anachokiogopa. Tangu mwaka 2013 posho hiyo, iitwayo kwa kifupi PIP, haitolewi kwa jina la ugonjwa bali kwa alama. Mtu huulizwa kuhusu kupika, kuoga, kuvaa, kutembea na mengineyo; alama 8 katika fungu moja huleta malipo ya kawaida, na 12 malipo ya juu. Akinyimwa, sharti kwanza aiombe idara ileile iutazame upya uamuzi wake. Ikishikilia, ana mwezi mmoja wa kukata rufaa, kisha hungoja miezi. Aliyekwisha kuambiwa kwa maandishi kwamba maumivu yake si kama anavyoyaeleza ana sababu ya kukosa usingizi. Hofu yake si udhaifu. Amepiga hesabu, na hesabu ni sahihi.

Hata hivyo, sehemu ya mzigo huo imeletwa na maneno, na hapo sisi walimu tuna lawama. Aliniandikia kuwa "ameitwa mahakamani". Mahakama, masikioni mwetu, ni kizimba na askari. Kinachomngoja ni baraza: kwa kawaida watu watatu, yaani jaji, daktari, na mtu anayeyajua maisha ya ulemavu, wala hakuna kati yao aliyekuwa sehemu ya uamuzi wa kumnyima. Hakuna mshtakiwa. Shauri husikilizwa, kiangalie vizuri kitenzi hicho.

Kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zilizosikilizwa na baraza zimeamuliwa kwa faida ya mwombaji. Wengine hulitaja jambo hilo kama faraja. Mimi linanikasirisha. Ikiwa mlango wa kwanza hukosea kiasi hicho, kwa nini anayeambiwa ajikaze ni mgonjwa, si mlango?

Sasa nitaje kosa letu kubwa zaidi. Lugha hii imetulea tujibu "sijambo" hata tukiwa na homa. Mgonjwa huulizwa hali akiwa kitandani, naye hujibu "namshukuru Mungu". Ni adabu njema, nami huifundisha. Mbele ya baraza, adabu hiyo humponza mwenyewe. Akiulizwa kama anaweza kupika, akajibu "naweza, najitahidi", litakaloandikwa ni kwamba anaweza. Ilhali sheria yenyewe haikubali kuweza kwa namna hiyo. Inataka kufanya kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila inapohitajika, na bila kutumia muda kupita kiasi. Anayepika mara moja kisha akalala siku mbili, kwa sheria hiyo, hawezi. Na Kiswahili kilikwisha kulijua hilo zamani: mtu wa pwani akikwambia "siwezi" bila kutaja tendo, amekwambia kwamba anaumwa.

Basi sikumwambia atulie. Nilimwambia aandike siku yake moja mbaya, saa kwa saa, bila kujisifu wala kuongeza chumvi. Ayasome makaratasi ya rufaa mchana, kidogo kidogo, kamwe si usiku. Aombe mkalimani mapema, kwa kuwa hutolewa bure, na aeleze ni Kiswahili cha wapi anachokisema, maana cha Bukavu na cha Unguja si kimoja. Aende na mtu wake. Akichoka, aombe mapumziko. Akitetemeka, aseme kwamba anatetemeka. Nikamwonya pia kwamba baraza lina uwezo wa kupunguza posho aliyonayo mtu, hivyo kama tayari anapokea kiasi fulani, atafute mshauri wa sheria kwanza. Kumficha jambo hilo kungekuwa jikaze nyingine.

Juzi ameniletea ukurasa wa kwanza. Unaanza saa kumi na moja alfajiri, mkewe akimvisha soksi, na neno la kwanza ni "Siwezi". Sikusahihisha kitu.