Nyumba ya mbao si kibanda!

Jamani, nani alituroga? Mwambie msomi wa Murangi kwamba unataka kujenga nyumba ya fremu ya mbao, paa refu, bila dari, uone atakavyokucheka. Eti kibanda! Nyumba kwake ni tofali, saruji na dari ya jipsamu. Halafu saa nane mchana bati linawaka, joto limejaa ndani, na mwenye "nyumba bora" amehamia chini ya mwembe.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1977, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo jirani, alilalamika kwamba watu wanasubiri saruji na bati huku udongo wa kuchomea tofali na vigae wanaukanyaga. Yeye alitetea tofali za kuchoma, mimi natetea mbao. Ugonjwa ni uleule: kudharau kilichopo.

Tofali ndiyo usalama? Septemba 10, 2016 tetemeko lilipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika. Ukuta wa tofali usio na nondo hauna huruma ardhi ikitikisika. Fremu ya mbao iliyofungwa vizuri ni nyepesi, huyumba bila kukuangushia tani za tofali.

Ila tusidanganyane: paa wazi si kung'oa dari tu. Mtambaapanya kwenye kenchi huzuia paa lisisukume kuta nje. Ukiuondoa, weka boriti nene kileleni, ibebwe na nguzo. Waliojenga misonge ya nguzo ya kati walilijua hilo bila digrii.

Mchwa? Inua fremu juu ya msingi wa mawe, tumia mbao zilizotiwa dawa. Joto? Acha matundu kileleni, hewa ya moto itoke. Mbu? Wavu kwenye kila tundu.

Mbao tunazo, Sao Hill kule Mufindi ndilo shamba kubwa la miti nchini. Tunachokosa ni wasanifu wa kumchorea mtu wa kawaida nyumba ya namna hii, na wasomi wasioona aibu kulala humo.

Mzungu analipa dola kibao kulala chini ya paa hilohilo kwenye hoteli za Serengeti, mkoa wetu huu huu. Akilala yeye ni utalii. Ukilala wewe ni umaskini?