Umri wa miaka 40 usikutenganishe na vitabu vyako

MPENZI wa vitabu ana wiki yake. Siku za kazi husoma kurasa chache ndani ya matatu, na nyingine kabla ya kulala. Akiwa jikoni au akipiga pasi, husikiliza hadithi redioni au kitabu kilichorekodiwa katika simu. Jumamosi huzunguka mjini kutafuta kitabu kingine, ilhali vile alivyonunua mwezi uliopita bado hajavimaliza. Mimi kama daktari sioni ubaya wowote katika tabia hiyo. Naiunga mkono.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, kuna jambo linaloivuruga wiki hiyo polepole bila mtu kutambua. Watu wengi huacha kusoma wanapofika kati ya miaka 40 na 50. Ukiwauliza sababu, watakuambia kazi ni nyingi, watoto wana mahitaji, au vitabu vya siku hizi havina ladha. Lakini mpe mmoja wao karatasi yenye maandishi madogo, nawe utamwona akiisogeza mbali na uso mpaka mkono unyooke. Mtu huyo hajachoshwa na vitabu. Haoni maandishi.

Ndani ya jicho mna lenzi. Ujanani lenzi hiyo ni laini, na hubadilika umbo kwa urahisi ili mtu aone vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hukakamaa. Dalili huanza kujitokeza karibu na umri wa miaka 40, na hali huendelea hadi karibu miaka 65. Wataalamu huiita presbiopia. Haiambukizi, haitokani na kusoma sana, na humpata kila mtu anayejaliwa kuishi umri huo. Nami nimeshapita miaka 40, na miwani ya kusomea haitoki mfukoni mwangu.

Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 826 ulimwenguni walikuwa na tatizo hili bila kupata msaada. Msaada wenyewe ni miwani tu, na miwani rahisi ya kusomea mara nyingi haifikii bei ya riwaya mpya dukani.

Pengine utasema kwamba kukosa kusoma hadithi hakumuui mtu. Hebu tutazame ushahidi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 3,635 wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa muda wa miaka 12. Waliosoma vitabu walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika kipindi hicho, kwa takriban asilimia 20, kuliko wasiosoma vitabu. Waliofaidika zaidi walikuwa wale waliosoma zaidi ya saa tatu na nusu kwa wiki, yaani kama nusu saa kila siku.

Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kitabu chenyewe ndicho kilichorefusha maisha, ingawa watafiti walizingatia tofauti za elimu, mapato na afya. Lakini kuna ushahidi mwingine kuhusu macho yenyewe. Mwaka 2024, jopo la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet waliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa katika orodha ya mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ambayo yanaweza kuepukwa au kupunguzwa. Kupoteza uwezo wa kusikia pia kumo katika orodha hiyo.

Aidha, macho ya karibu si ya riwaya pekee. Mgonjwa asiyeweza kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa anaweza kumeza vidonge viwili badala ya kimoja. Fundi cherehani hushindwa kutunga uzi. Huko Assam, India, wachuma majani chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa mavuno yao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Sisi Wakenya tunaolima chai tunapaswa kuliwazia jambo hilo.

Je, ufanye nini? Kwanza, usione haya. Wapo wanaokataa miwani kwa kuogopa kuitwa wazee, na wapo wanaoamini kwamba miwani huharibu macho. La hasha. Lenzi itazidi kukakamaa uvae miwani au usivae. Tofauti ni kwamba aliyevaa anasoma. Dawa za matone zinazouzwa mitaani kwa madai ya "kuondoa miwani" usizitie machoni.

Pili, pimwa na mtaalamu. Miwani inayouzwa barabarani haitakupofusha, na kwa mtu mwenye macho mazima inaweza kumfaa. Ubaya wake ni kwamba anayekuuzia hatazami ndani ya jicho. Maradhi ya glakoma, ambayo watu wengi huyaita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu, na sisi Waafrika tumo katika hatari kubwa zaidi. Kinachopotea kwa glakoma hakirudi. Kisukari nacho hudhuru macho kimyakimya, na mtoto wa jicho hufifiza maandishi hata ukivaa miwani mizuri. Ukishatimiza miaka 40, pimwa angalau mara moja kila miaka miwili. Ikiwa una kisukari, pimwa kila mwaka. Ikiwa mzazi au ndugu yako ana glakoma, usingoje: nenda upimwe, kisha daktari wa macho akupangie tarehe za kurudi.

Tatu, panga wiki yako ya kusoma kwa akili. Taa iangaze ukurasa, isikumulike usoni. Kusoma katika mwanga hafifu hakupofushi, ila huchosha macho na kuleta maumivu ya kichwa. Baada ya kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali kwa mita 6 au zaidi, kwa muda wa sekunde 20, na upepese kope. Usisome kitandani shingo ikiwa imekunjwa kama ndoano.

Kwa upande wa kusikiliza, nakubali kwamba hadithi ya kusikilizwa huyapumzisha macho na huwafaa sana wasioona. Lakini usiitumie kama maficho ya kukwepa miwani. Tena chunga masikio. WHO inashauri sauti isizidi nusu ya kiwango cha juu kabisa cha simu kwa mbali. Ishikilie chini ya asilimia 60. Ukilazimika kuipandisha ili ushinde kelele za matatu, zima na usubiri ufike nyumbani.

Kuhusu kununua, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wauzaji wa vitabu kuukuu wanaovipanga kando ya barabara za Nairobi wamepewa jina hilohilo la "inama". Basi inama kwa kukunja magoti, usikunje mgongo. Vitabu hivyo vipanguse vumbi nje ya nyumba, hasa ikiwa kuna mwenye pumu. Asiye na pesa asivunjike moyo. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na huko Garissa huduma ya maktaba za taifa ilianza kuwapelekea wasomaji vitabu kwa ngamia mwaka 1996.

Maoni yangu ni kwamba huduma ya vitabu na huduma ya macho zimetengana mno. Ingefaa kila maktaba ya umma iwe na bango la kupimia macho ukutani. Wanaoandaa maonyesho ya vitabu wangetenga kibanda kimoja cha mpimaji macho. Nao waajiri wanaolipia wafanyakazi matibabu wasiihesabu miwani ya kusomea kuwa anasa.

Wakati hayo yakingojewa, jipime mwenyewe leo. Keti penye mwanga wa kutosha. Kama una miwani ya kuonea mbali, ivae. Shika ukurasa huu sentimita 40 kutoka usoni, ufunike jicho moja kisha jingine, na usome maandishi madogo kuliko yote. Ukishindwa kwa jicho lolote, nenda ukapimwe wiki hii. Na ikiwa jicho limepoteza nuru ghafla, linauma na kuwa jekundu, au unaona vimulimuli na madoa meusi yaliyozuka kwa wingi, usisubiri kesho. Nenda hospitalini siku hiyohiyo.