Amana Iliyo Ndani ya Pakiti



Juzi, baada ya swala ya alasiri, tulijiwa na mama mmoja pamoja na bintiye aliyemaliza masomo ya uhandisi. "Sheikh, nimemsomesha miaka mitano," akalalamika, "leo aniambia ataka kwenda kutengeneza mifuko!" Tukamtaka binti atueleze. Akatoa mkobani bomba la sindano, lingali ndani ya pakiti yake.

Mhandisi wa vifungashio vya vifaa tiba, alisema, hulinda usafi wa kifaa tangu kiwandani hadi mkononi mwa daktari. Upande mmoja wa pakiti huwa plastiki angavu. Wa pili huwa karatasi maalumu, au Tyvek, ambayo ni nyuzi laini za plastiki zilizoshikanishwa kwa joto. Kifaa hufungwa kwanza, kisha hupitishiwa gesi ya kuua vijidudu. Gesi hupenya upande huo ikaingia na kutoka, vijidudu havipiti.

Kisha pakiti hutiwa mtihanini. Hutikiswa na kuangushwa, mfano wa safari ya lori. Kingo zake hutiwa rangi ili upenyo wowote uonekane. Na ili ijulikane itadumu miaka mingapi, huwekwa penye joto: kwa hesabu itumiwayo sana, siku 46 katika nyuzi 55 huchukuliwa kuwa sawa na mwaka mmoja katika nyuzi 25. Ukingo ukiachia kidogo tu, mgonjwa aliyepasuliwa vyema aweza kurudi nyumbani na kidonda chenye usaha, wala asijue kilikotoka.

Mama alinyamaza kitambo. "Huyu mwenyewe nilimzaa kwa kupasuliwa," akasema. Binti akamjibu kwa upole: "Basi mama, uzi uliokushona ulitoka katika pakiti kama hii."

Hapakuwa na haja ya sisi kuongeza neno.

Enyi wazazi, kabla sindano haijafunguliwa, itazameni pakiti. Ikiwa imechanika, imelowa au muda wake umepita, ombeni nyingine kwa adabu. Namba 2 iliyokatwa kwa mstari maana yake kifaa kisitumiwe mara ya pili. Na mtoto akichagua kazi isiyoonekana, tusimvunje moyo kabla ya kumsikiliza. Huenda amana za watu wengi zikalindwa na mkono wake.

Wabillahi tawfiq.