Daktari, nitembee wapi?

Wiki hii najibu swali nililoulizwa kliniki na mama mmoja wa Haneti, wilayani Chamwino. Nilikuwa nimemweleza kwamba sukari yake inahitaji atembee nusu saa kila siku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Daktari, nitembee wapi?"

Hilo si swali la mvivu. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati sasa ni lami. Tumefurahi, kwa sababu mjamzito mwenye uchungu anafika hospitali mapema kuliko zamani. Lakini mabasi na malori yanapita kwa kasi, na pembeni mwa lami watembea kwa miguu, wenye baiskeli, bodaboda na mifugo wanagombania ukingo mmoja. Mtu mwenye miaka 60, macho yameanza kufifia na goti linauma, ana haki ya kuogopa kutembea hapo.

Kwa maoni yangu, njia salama ya kutembea na kuendesha baiskeli ni huduma ya afya kama ilivyo zahanati au kisima cha maji safi. Tuidai kwa uzito uleule.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na 9 walikuwa na kisukari. Magonjwa haya hayako mjini tu. Tunayaona kwa wafanyabiashara wa mnadani, walimu, madereva na wazee wa vijijini.

Najua wengi mtasema: "Sisi ni wakulima, tunafanya mazoezi shambani." Ni kweli, anayelima kutwa nzima hahitaji kuambiwa atembee. Lakini Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Uwele na mtama vikishavunwa, inafuata miezi mingi ambayo jembe limepumzika na mwili nao umepumzika. Safari fupi tulizokuwa tukienda kwa miguu, leo tunapanda bodaboda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako haifanyi kazi vizuri. Mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Hakuna kidonge kimoja kinachofanya yote hayo.

Wenzetu walifanya nini

Nchi nyingi zilikuwa na reli zilizoacha kutumika, zikaamua kuzigeuza njia za miguu na baiskeli. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilifanya hivyo miaka ya 1960 kwa reli ya kati ya Elroy na Sparta, zaidi ya kilomita 50. Uingereza, reli ya zamani kati ya Bristol na Bath iligeuzwa njia ya namna hiyo kati ya mwaka 1979 na 1986, na watu huitumia kwenda kazini na shuleni. Hispania ilianza mpango wake mwaka 1993 na sasa ina maelfu ya kilomita za njia hizo.

Kwa nini reli? Treni haiwezi kupanda mlima mkali, hivyo waliojenga reli walilazimika kusawazisha ardhi: wakakata vilima, wakajaza mabonde na kujenga madaraja madogo. Chuma kikiondolewa, inabaki njia pana yenye mteremko mdogo, isiyo na magari. Mwenye goti bovu anaimudu. Aliyepona kiharusi anaimudu. Mtoto anayejifunza baiskeli anaimudu.

Na sisi tunayo historia hiyo karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, ilijengwa reli ya tawi kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, kwenda Kongwa. Karanga zilishindwa na ukame na ugumu wa udongo wetu, mradi ukaachwa mwaka 1951, na baadaye tawi lile nalo likafa. Kusini, reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa mradi huohuo, ilifungwa mwaka 1962. Fedha nyingi zilitumika kusawazisha ardhi ile. Halmashauri za Kongwa na Mpwapwa zikikaa na Shirika la Reli na vijiji husika, zinaweza kupima ni vipande vipi vya tuta la zamani bado vinafaa kwa miguu na baiskeli. Hata kilomita tano zinazounganisha kijiji na shule zingetosha kuanzia.

Hapa niwaonye wazazi. Nazungumzia reli iliyokufa tu. Reli ya Kati ya zamani bado inapitisha treni, na reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inatumia umeme mkubwa na treni zake hufika kilomita 160 kwa saa. Mtoto asiruke uzio wake, asitembee juu ya tuta lake, wala asichunge mbuzi ndani ya eneo lake.

Haneti haina reli, ina nini?

Haneti haikupitiwa na reli. Lakini kilichoifanya njia ya reli ifae si chuma. Ni mambo matatu: imetengana na magari, haina miinuko mikali, na inaunganisha sehemu ambazo watu huenda kila siku. Mambo hayo kijiji kinaweza kuyapata bila kungoja mfadhili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Tunapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi tunatenga malisho, mashamba na njia za mifugo. Ng'ombe anatengewa njia yake kwenye ramani, ilhali mtoto anayekwenda shule ameachiwa ukingo wa lami. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, simama uulize: njia ya miguu kutoka vitongojini kwenda shuleni, zahanati na mnadani iko wapi kwenye mpango wetu? Ikiandikwa, mtu hawezi kuilima wala kuijengea kirahisi. TARURA wakija kuchonga barabara za vijijini, waombwe waache ukanda wa watembea kwa miguu. TANROADS waombwe vivuko na alama za kupunguza mwendo mbele ya shule.

Naelewa hofu ya viongozi kwamba fedha ni chache na barabara za magari bado hazitoshi. Lakini njia ya miguu haihitaji lami. Inahitaji kufyekwa, kusawazishwa, kalavati kwenye korongo, na miti michache ya kivuli. Kazi nyingi kati ya hizo tunaziweza kwa nguvu zetu kipindi cha kiangazi.

Kabla hujaanza

Kwa wagonjwa wangu, haya ni ya kuzingatia. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, au jioni kabla giza halijaingia. Beba maji. Anza na dakika kumi, kisha ongeza taratibu kila wiki mpaka ufike thelathini kwa siku tano.

Mwenye kisukari asitembee peku wala na ndala; miiba yetu inajulikana, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na ukirudi kagua nyayo zako, au mwombe mjukuu akukagulie. Anayechoma insulini au kumeza dawa zinazoweza kushusha sukari abebe kitu kitamu, na akitetemeka, akitoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, asimame ale mara moja. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au kizunguzungu ni ishara ya kuacha na kwenda kituo cha afya. Kama presha yako iko juu sana, muone mhudumu kwanza, na usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea.

Kwa wazazi: mpaka njia itakapopatikana, mfundishe mtoto atembee upande wa kulia wa barabara, akiyatazama magari yanayomjia. Mwenye baiskeli aendeshe upande wa kushoto, breki zikiwa zimekaguliwa, na asimpakize mwenzake kwenye barabara kuu. Nguo yenye rangi ya kuonekana huokoa maisha, hasa alfajiri.

Nilimjibu yule mama aanze kwa njia ya ndani, ile inayopita nyuma ya nyumba kuelekea mashambani, tena aende na jirani. Jibu hilo linamfaa kwa sasa. Jibu kamili linapaswa kutoka kwenye mkutano wa kijiji, na wenye haki ya kupiga kura pale ni ninyi wasomaji, si mimi. Tukutane wiki ijayo.