WATAFITI, MAJIBU YETU YAKO WAPI?

Leo siasa naziweka pembeni, nazo hazikimbii, nizungumzie watu wanaotujia na kalamu, madodoso na mashine za kupimia. Nawazungumzia watafiti.

Unguja ni kisiwa kidogo, lakini sidhani kama kuna kitu hapa ambacho hakijapimwa. Wamepima bahari, matumbawe, mbu, karafuu na kima, mpaka uzito wa watoto wetu wanapozaliwa. Hata popobawa, jamani, ana makala yake ya kitaaluma! Ukitaka kujua wasomi wanasema nini juu ya kisiwa hiki utasoma mpaka macho yaume. Lakini sharti ujue Kiingereza, na mara nyingi sharti uwe na dola za kulipia.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema. Mtu akichukua muda, maarifa au damu ya Mzanzibari kwa ajili ya utafiti, arudi amwambie alichokigundua, kwa Kiswahili, pale pale alipokichukua. Asiporudi, kibali kingine asipewe.

Najua wako watakaosema napiga vita usomi. Hata kidogo! Nani aliyetuondolea mbung'o Unguja? Kati ya 1994 na 1997 wataalamu walizalisha mbung'o madume kule Tanga, wakawahasi kwa mionzi, wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa ili majike yapandwe bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na hadi leo ng'ombe wetu wamesalimika. Na malaria je? Utafiti ulionesha klorokwini imeshindwa, mwaka 2003 ikaja dawa mseto, 2006 vyandarua na upigaji dawa majumbani, na katika miaka michache waliokutwa na vimelea wakashuka chini ya mmoja katika kila mia. Mtu aliyeona wodi za watoto zamani hawezi kuidharau sayansi.

Lakini angalieni jambo moja. Dawa mseto na vyandarua vilifanikiwa kwa sababu watu waliambiwa. Redio zilisema, masheha walisema, wauguzi walisema, tena kwa lugha ya nyumbani. Huwezi kupiga dawa chumbani kwa mtu bila kumweleza kwa nini. Pale mtafiti anapotuhitaji ili kazi yake ifanikiwe, Kiswahili hupatikana. Anapokuwa ameshachukua anachokitaka, Kiswahili hupotea ghafla!

Haya, tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni minazi. Wakulima wanaopakana na msitu wa Jozani wamelalamika miaka mingi kuwa kima punju wanawamalizia nazi zikiwa bado vidaka. Mwaka 1999 Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha utafiti wao katika jarida la Journal of Applied Ecology. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, na wakakuta kima hawakupunguza mavuno. Bali pale walipokula vidaka vingi zaidi, nazi zilizokomaa hazikuwa chache, zilikuwa nyingi zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi kabla havijawa kitale, kwa hiyo huenda kima anaupunguzia tu mzigo.

Sasa nawauliza, habari hiyo ilikuwa ya nani? Ni ya profesa wa ng'ambo, au ya mkulima anayekesha na mawe mkononi akimfukuza mnyama ambaye dunia nzima hapatikani ila Zanzibar? Inawezekana mkulima angebisha. Angesema mnazi wangu naujua mimi. Basi abishe! Kubisha nako ni sehemu ya elimu. Lakini atabishaje hesabu ambazo hajawahi kuonyeshwa?

Mfano wa pili ni umeme. Mnaukumbuka mwezi Mei 2008? Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, waya wa tangu 1980, ilipata hitilafu na Unguja nzima ikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Jenereta zilinguruma Mji Mkongwe kwa wenye nazo, wengine tukabaki na vibatari. Desemba 2009 giza likarudi, safari hii miezi mitatu. Waya mpya ukaja kuzinduliwa 2013 kwa fedha za Wamarekani.

Mchumi mmoja, Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, aliona katika giza lile la 2008 jambo ambalo wengi wetu hatukuliona. Alichukua kumbukumbu za wodi ya wazazi, akazilinganisha na tarehe za giza na hali za kazi na kipato. Akakuta kwamba watoto ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa giza walizaliwa na uzito pungufu. Sababu anayoipa ni kipato: fundi wa kuchomelea, kinyozi, mwenye friza la samaki, wote kazi zilisimama, na njaa ya mwezi mmoja ikaingia tumboni kwa mama. Makala ilitoka 2014 katika jarida la Journal of Development Economics. Nyingine ya mwaka huo huo inaonyesha kuwa miezi minane hadi kumi baada ya giza watoto waliozaliwa waliongezeka. Hapo mcheke kidogo, ruksa.

Mimi sina ugomvi na mchumi huyu, kazi yake namvulia kofia. Lakini hebu fikirini. Huu ni ushahidi kwamba waya mmoja kuukuu chini ya bahari uligusa uzito wa mtoto ambaye hajazaliwa. Mwakilishi gani asingeutaka ushahidi huo mkononi siku ya bajeti ya umeme? Mama gani wa Mwanakwerekwe au Bububu asingependa kujua kuwa ile hali haikuwa uzembe wake? Kwa Kiswahili mimi sijaiona habari hii popote. Nimeisoma kwa Kiingereza, na wengi niliowasimulia, wenye watoto wa 2008 na 2009, waliisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Mfano wa tatu ndio unaoniuma zaidi, mwani. Miaka ya sabini na themanini Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliupigania mwani kama zao, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Leo maelfu ya watu wanaulima na wengi mno ni wanawake. Ukikauka unasafirishwa ng'ambo kutengenezwa karaginani, ule unga wa kugandisha unaotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Kuna mwani wa bei ndogo, spinosamu, na wa bei nzuri, kotonii. Huu wa bei nzuri ndio unaokufa. Maji ya pwani yenye kina kifupi yakichemka kupita nyuzi 30 unapauka, unakatika, unaondoka na wimbi.

Watafiti wameshalisema hilo kwa miaka. Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Unguja mwaka 1978, amejaribu na wakulima njia za kulima maji ya kina kirefu, na kuanzia 2006 amewakusanya wajasiriamali na wasomi ili wakulima wauongezee mwani thamani, watengeneze sabuni na unga badala ya kuuza magunia tu. Huo ndio utafiti ninaoutaka mimi! Mtafiti anaingia majini na mkulima na anarudi bamvua lijalo.

Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo wapo wangapi wanaokuja mara moja tu? Nilipokwenda mwambao wa mashariki na kidaftari changu, bibi mmoja mkulima aliniuliza kama na mimi ni wale wa kuuliza kilo ngapi, bei gani, mume yupo, halafu basi tena. Akanihesabia waliomhoji mpaka vidole vikamwishia. Nikamuuliza nani alirudi kumpa majibu. Akanicheka tu.

Sasa tusikilize visingizio. Cha kwanza, eti ripoti ilikabidhiwa wizarani. Vizuri, lakini bibi hakuhojiwa wizarani, alihojiwa ufukweni.

Cha pili, eti mambo ni ya kitaalamu, wananchi hawataelewa. Mtu anayejua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na bila kalenda anakwambia siku ya kuvuna, huyo atashindwa kuelewa kuwa maji yamezidi joto? Mbona aliaminiwa alipojibu madodoso?

Cha tatu, eti Kiswahili hakina maneno. Hayo yanasemwa wapi? Unguja! Kisiwa ambacho lahaja yake ilichaguliwa pale Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mji Mkongwe, ambako wageni wanafunga safari kuja Vuga kujifunza lugha hii. Tuna BAKIZA, tuna wasomi wa lugha kila mtaa. Penye miti hapana wajenzi!

Sababu yenyewe ni nyingine na wasomi wanaijua. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala za majarida ya kimataifa, hapandi kwa mkutano chini ya mwembe wa Paje. Na hilo haliwahusu wageni peke yao. Chuo Kikuu cha Zanzibar kimeanza 1998, SUZA 2001, na mwaka 2023 wahandisi wa Kihindi wa IIT Madras wamefungua tawi Bweleo. Vyuo vinaongezeka, alhamdulillahi. Lakini tasnifu ngapi za watoto wetu wenyewe, zilizohoji watu wa Nungwi na Makunduchi, zimepigwa jalada gumu na kulala maktabani?

Basi nadai mambo matatu. Kila anayepewa kibali cha utafiti aahidi kwa maandishi kurasa mbili za Kiswahili mwisho wa kazi, na kibali kijacho kitegemee hizo. Kurasa hizo zibandikwe ofisi ya sheha wa pale alipohoji, na zisomwe redioni. Na vyuo vyetu vimhesabie mhadhiri mkutano wa kurudisha majibu kijijini kama vinavyomhesabia makala.

Tangu 2020 tunahubiriwa uchumi wa buluu asubuhi na jioni. Huo uchumi utaendeshwa na nani ikiwa anayesimama ndani ya maji ndiye wa mwisho kujua maji yana nini?

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja wengi, wamepimwa wengi. Kupona bado tunangoja.

Naomba kutoa hoja.